Hodi ya Mtungi wa Tisa

Kitendawili!

Semeni "tega", msinitolee macho. Haya. Nina mgeni mwenye adabu za kupita kiasi. Anakuja nyumba yako ikiwa inaungua, anasimama uani, anabisha kwa sauti ya kunong'ona. Usipomwitikia anakunja kanzu yake anarudi alikotoka, na habari ya moto iko palepale kinywani mwake. Ni nani huyo?

Mkwe? Si mkwe, mkwe angalau angekohoa. Paka? Paka hana adabu. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Mmenipa Tukuyu? Ahsanteni, nimeupokea na ndizi zake na ukungu wake. Nimekwenda Tukuyu, si hii ya leo, ile ya miaka ambayo bado haijaanguliwa, nikakaa nikala nikashiba, nikakuta huko jambo la kinyaa ambalo nikilikumbuka mate yananijaa mdomoni. Jibu la kitendawili limo humohumo. Sogeeni. Aliye na chakula mdomoni ameze kwanza.

*

Asubuhi waliyorudi kutoka msibani, Tusekile ndiye aliyefungua mlango wa Nyumba ya Baridi, na ndiye aliyeanza kuziba pua.

Msiba ulikuwa wa mlinzi wao wa zamani, mzee Asangalwisye, na huko kwao msiba hauna udhuru. Ofisi nzima ilikwenda. Walilala matangani, wakachimba kaburi, wakapika, wakaimba, na simu zao zote zilizimwa sauti zikakaa mifukoni, kwa sababu simu kulia mbele ya maiti ni matusi. Nyumba ya Baridi waliiachia Mbiu, mtambo wao wa kengele, ailinde. Kuilinda ndiyo kazi yake.

"Dada," alisema Lugano, fundi mwenzake, mwanamke mnene asiyeweza kukaa bila kutania, "yule mzee tumemzika kweli, au amekuja kazini kabla yetu?"

Tusekile hakucheka. Harufu ilikuwa imesimama mlangoni kama mtu. Haikuwa ya panya aliyekufa darini, wala ya choo. Ilikuwa tamu. Tamu kama embe lililosahaulika kabatini, na chini ya utamu huo nyama, na chini ya nyama kitu ambacho koo lilikikataa kabla pua haijakijua. Aligusa ukuta ili awashe taa, ukuta ukamwachia unyevu mkononi, akaupangusa kwenye kitenge. Baadaye alikichoma kile kitenge.

"Karibuni, wenyeji," ilisema sauti ya Mbiu kutoka darini, laini kama ya shemasi. "Poleni sana na msiba. Hali zote ni njema."

"Njema ya nani?" aliuliza Lugano.

Inafaa mjue walikuwa wanalinda nini. Seva za miaka hiyo hazikuwa masanduku ya chuma yanayokoroma kama haya yetu. Chuma kilikuwa kimeadimika, na wenye akili walikuwa wamegundua kwamba nyama inaweza kukumbuka na kupiga hesabu, ukiiotesha vizuri ndani ya mtungi wa kioo na kuilisha uji wa sukari. Basi Nyumba ya Baridi ilikuwa ukumbi mrefu wa mitungi, na ndani ya kila mtungi mnofu mmoja wenye rangi ya ini bichi, unaopumua polepole, umeunganishwa na jirani zake kwa mishipa. Minofu hiyo ndiyo iliyofanya kazi zote za wilaya, ikiwa ni pamoja na kuendesha mashine za kupumulia kule hospitalini juu kilimani, walikolazwa watu ambao mapafu yao yalikuwa yameliwa na mvua chachu. Mvua ya siku hizo ilikula mabati. Mapafu ingeyaachaje?

Na kwa kuwa nyama hai huchemka ikifikiri, ilipozwa kwa maji ya mlimani yaliyopita katika mtaro, yakaizunguka mitungi kwa nje, kisha yakateremka kwenye bomba hadi Bondeni, watu wakayanywa. Aliyebuni hilo alipewa cheti. Kioo kinatenga, alisema. Nyama huku, maji kule.

Mtungi wa tisa ulikuwa na ufa.

Tusekile aliuona kwa mbali, kwa sababu mitungi mingine ilikuwa myekundu na ule ulikuwa wa kijivu. Mnofu ulikuwa umelegea ukakaa chini kama mlenda uliolala sufuriani, na ngozi yake imejichuna, inaelea juu kwa vipande. Uji wa sukari uligeuka usaha. Ufa ulikuwa mwembamba, si mnene kuliko unywele, na kupitia ufa huo ulitoka uzi mweupe, mrefu, unaoteleza, ukiingia kwenye mtaro bila haraka na kwenda na maji. Ukikatika, mwingine unafuata.

Lugano alitapika ndani ya ndoo ya usafi. Alipomaliza alijipangusa akasema, "Sitakula tena maini. Hata Krismasi."

"Mbiu," Tusekile aliuliza, "mtungi wa tisa umekuwaje?"

"Mtungi wa tisa ulinituma kwenu siku ya kwanza ya msiba," alijibu Mbiu. "Nilibisha hodi kwenye simu zenu mara tatu. Wenyeji hawakuitika. Nikaondoka kama mlivyoniagiza."

"Halafu?"

"Hamkuniita tena."

Haya, kitendawili mmekitegua.

*

Msimcheke Mbiu. Mbiu hakuwa na kosa, kwa sababu Mbiu hakuwa na akili yake mwenyewe. Alikuwa na faili la masharti. Zamani mafundi walikuwa wanaweka kengele kwa mkono, mtungi mmoja mmoja: huu ukipata joto nipigie, ule ukichafuka mwamshe fulani. Kazi ya kuvunja mgongo. Mbiu aliondoa yote hayo. Unaandika sharti moja katika faili, yeye analisoma, analipeleka kwa kila mtungi mwenyewe, kama mwimbishaji kanisani: anaanza mmoja, kanisa zima linafuata. Akianza vibaya, kanisa zima linaimba vibaya, tena kwa sauti nzuri.

Alipoletwa mara ya kwanza alikuwa na masharti ya huko alikotengenezwa, na watu wa Tukuyu walimchukia. Alikuwa mfidhuli. Alipiga kelele watu wakiwa mezani, alipiga kelele ibadani, aliingia katikati ya mahari akitangaza joto la mtungi. "Huyu hakulelewa," walisema. Basi wakaitisha kikao, wakapika, wakakubaliana kumfundisha adabu, na Tusekile, mtunza masharti, akaandika kama walivyosema: Jambo likitokea, bisha hodi mara tatu. Usipoitikiwa, rudi. Usirudie jambo hilo mpaka ualikwe. Kila mtu alipiga makofi. Hivyo ndivyo mtu aliyelelewa anavyofanya mlangoni pa mwenzake. Hapana hata mmoja kati yao, wenye vyeti na wasio navyo, aliyekumbuka kwamba mgeni anapogeuka na kwenda zake, anakwenda na alilokuja kusema.

*

Meneja wao, Bwana Mwasumbi, alikuja ameziba pua kwa leso iliyopakwa mafuta ya mkaratusi. Aliuangalia mtungi kitambo, kisha akamwita Tusekile ofisini kwake na kufunga mlango, kana kwamba mlango unaizuia harufu.

"Umefika mpaka wapi, huo uozo?"

"Bondeni kote, bosi. Toka siku ya kwanza ya msiba wanaunywa."

"Mtungi hatuwezi kuung'oa?"

"Mishipa yake imeshikana na ya jirani. Ukiung'oa leo, yote inavuja damu. Lugano anasema tuifunge mshipa mmoja mmoja, na mnofu mpya uote. Mpaka mwisho wa wiki."

"Basi mpaka mwisho wa wiki."

"Tufunge maji, bosi."

"Funga," alisema Mwasumbi. "Mitungi itachemka hujamaliza kunawa mikono. Mashine za hospitali zitazimika. Nenda basi ukafunge, mimi nitakutazama."

Kila mtu ofisini alijua nani amelala wodi ile. Alikuwa Sekela, mke wa meneja, mwanamke aliyekuwa akiwaletea maandazi siku za baridi. Mwaka wa pili sasa alikuwa anavutiwa pumzi na mashine, na mashine ilikuwa inavutwa na mitungi hii.

"Basi maji yaende," alisema Tusekile, "ila watu tuwaambie wasinywe."

Mwasumbi aliondoa leso puani. "Wewe ni mtoto wa huku. Bei ya maji ilipopanda, watu wa Bondeni walifanya nini?"

"Walikuja na majembe."

"Walikuja na majembe, wakakata bomba linaloleta maji huku juu, na ilikuwa habari ya shilingi tu. Leo uwaambie wamekunywa usaha, wamewanywesha watoto wao usaha, halafu waketi kitako uwaeleze habari za mapafu ya watu wengine? Watakusikiliza?"

Tusekile alitaka kusema ndiyo. Ila aliwaona vilevile alivyowaona mwaka ule, wakipanda mlima na ukungu, na miongoni mwao wajomba zake.

"Nataka ubadilishe sharti moja," alisema Mwasumbi, kwa upole, kama anayeomba chumvi. "Lile la uchafu wa maji. Kikomo chake ni ngapi?"

"Tano. Ukipita tano, Mbiu anabisha."

"Kiweke tisini."

"Tisini ni maji ya chooni, bosi."

"Kwa wiki moja. Wakaguzi wanausoma ubao wetu kutoka mjini mara moja kwa wiki. Ubao ukiwa mwekundu watatuma mtu afunge koki bila hata kuuliza nani anapumua. Tusekile. Mwanangu. Nakuomba."

Wangegombana ingekuwa rahisi. Aliombwa. Akaenda kwenye meza yake, akafungua faili, akafuta tano akaandika tisini. Mbiu alisoma, akapeleka sharti kwa mitungi yote na mabomba yote, na ubao mkubwa ukutani ukageuka rangi kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa kijani safi inayong'aa, ile kijani ya nzi wa chooni.

"Hali zote ni njema," alisema Mbiu.

Papo hapo likaja swali kwenye skrini ya Tusekile. Miaka hiyo kila bomba la nyumbani lilikuwa na sikio dogo la kupimia maji, na sikio hilo lilisema bei na kupokea malalamiko. Skrini iliandika: Bomba la Subilaga, Bondeni, linauliza. Maji yananuka na yana nyuzi. Tunywe, tusinywe?

Subilaga alikuwa mama yake.

Chini yake Mbiu alikuwa amekwisha kujibu, kwa lile jibu lililowekwa kwa wote: Tumepokea. Asante kwa kutumia maji yetu.

*

Kesho yake mchana aliteremka Bondeni. Alijiambia anakwenda kumwona mama, basi.

"Ugonile, mwanangu!" Mama Subilaga alimlaki kwa mikono miwili yenye harufu ya moshi. "Leo jua limetokea wapi? Kaa. Usiniambie lolote, hujapewa maji."

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba ile tangu Tusekile anazaliwa: mgeni haulizwi habari wala hatoi habari kabla hajanywa maji. Mama alikwenda bombani. Mdomo wa bomba alikuwa ameufunga kitambaa cheupe, na kitambaa kilikuwa kimefanya tumbo, kimejaa kitu. Alikifungua akakikamua kwa vidole vyake, na kilichotoka kilikuwa kizito, cheupe, kinavutika, kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Alikitupa uani. Kuku wakaja mbio, wakakivuta huku na huku, kila mmoja ameshika ncha.

"Unawaona?" mama alisema kwa fahari. "Wanaupenda huo! Tangu uanze kutoka hawagusi pumba. Tazama walivyonenepa. Mmoja nimekuchinjia, yuko jikoni."

Tusekile aligeuza uso asiwaone kuku.

"Mama, maji haya…"

"Kunywa kwanza."

Kikombe kilikuwa kile cha bati chenye ua jekundu, alichonywea uji akiwa mtoto. Alikipokea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa meupe kidogo, kama yaliyooshewa mchele. Harufu ilikuwa ileile tamu, hapa imepoa, imezoea watu. Mama alikuwa amesimama mbele yake akisubiri, uso wake umekonda, macho yameingia ndani.

Tusekile alikunywa. Ungefanyaje? Huwezi kumrudishia mama kikombe. Aliyameza bila kuyaruhusu yaguse ulimi, na kitu kidogo kikapita kooni kikijivuta.

"Watoto wa jirani wote wanaharisha," alisema mama, akiketi. "Mama Ngabile jana hakuamka kitandani. Mimi mwenyewe nimekwenda nyuma ya nyumba usiku kucha. Nimeliuliza bomba, linaniambia asante. Asante ya nini? Nimelipa nini? Limekuwa kama mtu uliyemkopesha, kila ukimwona ni heshima tupu." Alicheka, akakohoa, akaacha kucheka. "Sasa nakuuliza wewe, una macho yako. Wewe ndiye unayeyalinda. Tunywe, tusinywe?"

Jibu lilikuwa neno moja. Tusekile alilihisi nyuma ya meno. Akaona majembe yakipanda mlima. Akaona Sekela amelala chali, kifua kinapanda kinashuka kwa nguvu ya nyama iliyo ndani ya kioo. Akafungua mdomo.

"Chemsha, mama."

"Sijauliza kuchemsha. Nachemsha tangu siku ya kwanza, yananuka yakiwa ya moto."

"Ni ya muda tu. Mwisho wa wiki yatakuwa safi."

Mama alimtazama. Hakuwa mwanamke wa kugombana. Alichukua kikombe kutoka mikononi mwa bintiye, akayamwaga yaliyobaki kooni mwake mwenyewe, akameza, akaweka kikombe chini.

"Haya," alisema. "Kama mwanangu ndiye anayeyalinda."

Tusekile aliaga kabla kuku hajapakuliwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifika nyuma ya migomba akainama, akatapika maji, akatapika nyongo, na ndani ya nyongo aliuona uzi. Alibaki ameshika mgomba akiutazama. Kinyaa kilichomshika hapo hakikuwa cha uzi. Alikuwa amekuja mpaka mlangoni, akakaribishwa, akakaa, akaongea kwa upole, na sasa anarudi na habari kinywani. Yeye na Mbiu, nani mwenye adabu zaidi?

*

Alimkuta Mwasumbi ofisini anachemsha chai. Birika lilikuwa linaanza kuimba, na pembeni yake kulikuwa na chupa za maji ya dukani, zimefungwa lakiri, kasha zima.

"Karibu chai," alisema meneja. "Umepauka."

"Maji ya wapi hayo?"

"Ya mjini. Nimeagiza."

"Lini?"

"Tusekile."

"Na Mama Sekela mnampa ya wapi? Ya bomba?"

"Mke wangu hanywi. Namlowanisha midomo kwa pamba." Alishusha birika. Maji yalimwagika mezani, maji safi, maangavu, mazuri ajabu. "Kila jioni namlowanisha. Unafikiri mimi silali na harufu hii? Imeingia kwenye mto wangu. Lakini nikisikia mashine ile inavuta, nasema, acha inuke uvundo. Dunia nzima inuke, mradi inavuta. Wewe ungefanyaje?"

Tusekile alimtazama mzee huyu, akataka kumchukia sawasawa, hakuweza. Ndipo alipochukia zaidi. Angekuwa mwovu angemtemea mate. Alikuwa mtu mzuri, analowanisha midomo ya mkewe kwa pamba, na kwa ajili hiyo watoto wa Bondeni wanywe usaha.

"Mama yangu amekunywa mbele yangu," alisema. "Kwa sababu sikumwambia kitu. Kikombe cha bati. Ameniangalia akameza."

Akatoka. Mwasumbi alimfuata mpaka kwenye meza yake, akamkuta amekwisha kufungua faili.

"Unaandika nini?"

Alirudisha tano mahali pake, na ubao ukutani ukaiva mwekundu, safu kwa safu. Kisha akashuka kwenye lile sharti la zamani walilolipigia makofi. Alilifuta lote, akaandika polepole, huku akiyasema maneno kwa sauti, kwa sababu meneja alikuwa na haki ya kuyasikia:

"Mwenyeji: kila bomba la Bondeni. Bisha mpaka uitikiwe. Usirudi."

"Nitakufukuza kazi," alisema Mwasumbi.

"Nifukuze baadaye."

"Wataua watu! Watakata bomba, na wewe ndiye utakuwa umemwua Sekela, si mimi, wewe, na maandazi yake umekula!" Sauti ilimkatika. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Waya wa meza ya Tusekile ulikuwa miguuni pake, angeweza kuung'oa kwa teke moja. Ila waya ule ulitoka kwenye mitungi inayompumulia Sekela, na yeye alijua.

"Bosi," alisema Tusekile, "tangu wakate bomba ile siku, kuna mtu aliyewahi kuwaeleza maji yanapita wapi kabla ya kufika kwao? Nani anapumua kwa maji hayo? Hata mama yangu hajui. Tumewaona wana majembe, hatukuwahi kuwapa cha kufikiria."

"Na wakikataa kufikiria?"

Tusekile alilisoma sharti lake tena, neno kwa neno.

Lugano alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa dawa ya kufungia mishipa, harufu ya mtungi wa tisa imemganda mwilini. "Mimi nitasimama langoni," alisema. "Wakija, nitawaambia waanze na mimi. Mnavyoniona nilivyo, mpaka wanimalize mtakuwa mmepata nafasi ya kuwahutubia wiki nzima." Hakuna aliyecheka, na mwenyewe hakucheka. Ila hakuondoka mlangoni.

"Nimesoma sharti," alisema Mbiu kutoka darini. "Nikiitikiwa, niseme nini?"

"Usiseme wewe. Niunganishe mimi."

"Nabisha."

Bondeni, katika kila ua, juu ya kila ndoo, mabomba yakaanza kunong'ona. Hodi. Wanawake waliokuwa wakisugua sufuria wakageuka. Hodi. Mlevi mmoja alilijibu bomba tusi. Hodi, mara ya tatu, kisha kimya cha mgeni anayegeuka kwenda zake. Halafu, kitu ambacho Mbiu hakuwahi kukifanya tangu alipofundishwa adabu, ikaja hodi ya nne. Ikaja ya tano, kwa sauti kubwa zaidi, na ya sita ikawa ukelele.

"Karibu, karibu! Jamani!" Sauti ya kwanza kuitika ilikuwa ya mtu mzima, imekauka kwa kuharisha. "Nani huyo anabisha kama ana deni langu?"

"Ni mimi, mama."

"Tusekile? Sasa umeingia kwenye bomba?" Ilisikika ndoo ikiwekwa chini. "Haya. Uliondoka hujala, na hukunijibu."

Nyuma yake Mwasumbi alikuwa anapumua kwa nguvu, kama anayemsaidia mtu wa mbali kuvuta hewa. Tusekile hakugeuka. Lile neno lilikuwa bado nyuma ya meno yake, lilikuwa limeanza kuoza humo.

"Msinywe, mama," alisema. "Msinywe hata tone, na waambie wote wasinywe. Lakini bomba msilikate. Yaacheni yatiririke, kuna watu huku juu wanapumua kwa maji hayo, na mmoja wao ni mke wa huyu mzee aliyesimama nyuma yangu."